Maji ya Bwawa Yamekuwa Kijani: Tambua Mwani kwa Hadubini na Upige Picha kwa Simu

 

Leo tunaongelea ukijani wa kwenye maji. Picha ninazotumiwa sana kwenye simu siku hizi ni za maji ya bwawa, na swali chini yake ni lile lile: "Afisa, maji yamekuwa kijani, niweke mrututu?" Mtu kasimama ukingoni, jua linawaka juu ya maji, ninachokiona ni mawingu na kivuli chake mwenyewe. Kwa picha ya namna hiyo siwezi kumjibu mtu, na yeyote atakayekujibu kwa picha hiyo anabahatisha.

Kuna kijani ambacho ni chakula cha bure cha sato wako. Kuna kijani kitakachokuulia samaki alfajiri kwa kukosa hewa. Na kuna kijani ambacho ng'ombe akinywa leo jioni, kesho unaweza kumzika. Ukisimama ukingoni, vyote vitatu vinaweza kufanana kabisa. Vinatofautiana ukiviweka chini ya hadubini, na kazi hiyo haihitaji digrii. Inahitaji tone moja la maji, simu uliyonayo mfukoni na saa moja ya utulivu.

Kabla hatujaenda mbali tuelewane neno moja. Ndugu zetu wa Zanzibar na Pwani wakisikia mwani wanafikiria ule unaolimwa baharini kwa kamba. Hapa ninaposema mwani nina maana ya vile viumbe vidogo vya maji baridi, vingi havionekani kwa macho kimoja kimoja. Humo pia nawaingiza sayanobakteria, ingawa kwa haki wao ni bakteria, ila wanajitengenezea chakula kwa jua kama mmea. Hao ndio wenye kesi kubwa kwenye somo la leo.

Hadubini utaipata wapi

Usikimbilie kununua. Vituo vingi vya afya vina hadubini ya kuangalia malaria, na shule nyingi za sekondari zina moja au mbili kabatini. Nenda kwa adabu, ongea na mtaalamu wa maabara au mwalimu wa baiolojia, omba saa moja wakati hakuna wagonjwa au vipindi. Mkiwa kikundi, andikeni barua. Wengi watafurahi, kwa sababu kuangalia maji ya bwawa kunavutia kuliko kazi zao za kila siku.

Vile vihadubini vya kuchomeka kwenye kompyuta vinavyouzwa mtandaoni kwa madai ya kukuza mara 1000, kaa navyo mbali. Vingi havifiki hata karibu ya hapo. Kama kikundi kinataka kitu cha bei nafuu cha kubeba shambani, kuna Foldscope, hadubini ya karatasi iliyobuniwa na Manu Prakash na wenzake wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani. Inakuza mara 140 hivi. Inatosha kuona makundi na minyororo ya mwani, ila kwa vile vidogo kabisa utarudi kwenye hadubini ya kawaida.

Hadubini ya kawaida ina lenzi ya jicho ya 10, na chini yake lenzi zinazozunguka: 4, 10, 40 na 100. Unazidisha. Lenzi ya 10 chini na 10 juu ni mara 100. Ya 40 ni mara 400. Kwa kazi yetu mara 100 na mara 400 zinatosha. Ile ya 100 inatumia mafuta, waachie watu wa malaria. Na hapo kwenye kituo cha afya, ukiona lenzi ya 40 inatoa picha ya ukungu hata ufanyeje, mara nyingi imegusa mafuta hayo. Mwombe mwenyewe aisafishe kwa karatasi yake maalumu. Usiifute na shati.

Kuchukua maji

Hapa ndipo wengi wanaharibu, wanachota tu popote. Sayanobakteria wengi wana vijimfuko vya hewa ndani ya mwili, vinavyowasaidia kupanda juu maji yakitulia. Halafu upepo unawasukuma upande mmoja. Ukichota upande upepo unakotoka utasema bwawa ni safi, ukichota upande wa pili utasema limekwisha. Kwa hiyo chukua chupa mbili: moja kina cha kama sentimita 30 katikati ya bwawa au pembeni ya kizimba, na nyingine kwenye utando wenyewe pale ulipojikusanya. Ziandike. Vaa glavu kwa ile ya utando, au nawa mikono kwa maji mengine ukimaliza.

Usijaze chupa mpaka juu, acha nafasi ya hewa. Ifunge kwa kitambaa kibichi, ikae kivulini, na uangalie siku hiyo hiyo. Mwani uliokaa kwenye buti la gari mchana kutwa hauna tofauti na mchicha uliochemka.

Kama utando una vijani vidogo vyenye mizizi inayoning'inia, basi huo si mwani, ni magugu ya maji. Hadubini haihitajiki.

Kuna kipimo cha chupa ambacho unaweza kukifanya nyumbani bila kifaa chochote. Jaza chupa ya kioo robo tatu kwa maji ya bwawa, ifunge, iweke kwenye friji usiku kucha bila kuitikisa. Asubuhi, kama kijani kimepanda juu na kutengeneza pete, washuku sayanobakteria. Kama kimetulia chini, huenda ni mwani wa kawaida. Na ukichovya kijiti kwenye utando kikatoka na nyuzi ndefu kama nywele, huo ni mwani wa nyuzi. Kikatoka kama kimepakwa rangi ya ukutani, ni wale tunaowaogopa. Ila hivi ni vidokezo tu. Ushahidi uko kwenye kioo.

Kuandaa kioo

Chukua bomba la sindano bila sindano yake, dondosha tone moja dogo katikati ya kioo. Funika na kile kioo chembamba cha juu, ukikilaza taratibu kuanzia upande mmoja ili mapovu yasiingie. Maji yakizidi, gusa pembeni kwa kipande cha karatasi laini yanyonywe. Tone kubwa ni adui wa picha: viumbe wanaelea juu na chini, ukimpata mmoja mwingine anapotea.

Anza na lenzi ndogo kila mara. Tafuta, weka katikati, pandisha. Ukifika kwenye ya 40 tumia nobu ndogo pekee; ile kubwa itapasua kioo, na pengine lenzi ambayo si yako. Halafu chezea tundu la mwanga chini ya meza ya hadubini. Watu wanadhani mwanga mwingi ndio kuona vizuri. Punguza uone kingo za chembe zinavyojitokeza.

Sasa unaangalia nini?

Majina yapo maelfu, usihangaike nayo. Jiulize maswali machache.

La kwanza: rangi imekaaje ndani ya chembe? Hili ndilo swali mama. Mwani wa kijani wa kweli una rangi ya nyasi iliyofungwa ndani ya vifuko vyenye umbo, na unaona sehemu nyingine ya chembe iko wazi. Sayanobakteria hawana vifuko hivyo. Rangi imeenea chembe nzima kama nguo iliyotiwa rangi, na mara nyingi inaelekea kwenye bluu au zaituni.

Mfano mzuri wa kujifunzia ni Spirogyra, zile nyuzi zinazoteleza kama uji wa bamia kwenye mifereji. Ndani ya kila chembe kuna utepe wa kijani uliojizungusha kama springi. Mholanzi Antonie van Leeuwenhoek, ambaye biashara yake ilikuwa vitambaa, alieleza nyuzi za kijani zilizojizungusha namna hiyo mwaka 1674, baada ya kuangalia maji ya ziwa la kwao kwa lenzi aliyoitengeneza mwenyewe. Muuza vitambaa. Kwa hiyo hakuna mtu wa kukuambia hii kazi si yako.

Scenedesmus ni chembe mbili, nne au nane zilizopangwa ubavu kwa ubavu kama vidole, nyingi zina miiba kwenye zile za pembeni. Pediastrum ni sahani bapa yenye meno, kama gia ya baiskeli. Hawa ukiwaona wamechanganyikana kwenye bwawa la sato, furahi. Wakiwa na rangi ya kahawia ya dhahabu, umbo la mtumbwi au pipa, na mistari midogo iliyonyooka juu ya ganda, hao ni diatomu. Ganda lao ni la silika, yaani kioo kabisa. Ni chakula kizuri kwa viumbe wadogo wanaoliwa na vifaranga.

Swali la pili: kinatembea? Euglena ni wa kijani, mrefu, ana kidoa chekundu kama jicho upande wa mbele, na anajikunja na kujinyoosha akitembea. Wakiwa wengi sana, bwawa lako limezidiwa na samadi au mabaki ya chakula. Kuna aina ya Euglena inayofanya utando wa juu uwe mwekundu jua likipanda na kurudi kijani jioni. Watu husema bwawa limerogwa. Halijarogwa, ila usilipuuzie, kwa sababu mmoja wa hao wekundu anatengeneza sumu inayoua samaki.

Sasa tuje kwa wenyewe. Microcystis ni kundi la vichembe vidogo vya mviringo, kila kimoja kama maikromita 4 hadi 6, mamia kwa maelfu wamegandamana kwenye ute usioonekana vizuri. Kundi halina umbo maalumu, mara nyingi lina matundu, kama andazi lililong'atwa ovyo. Kwa mara 400 kila kichembe kinaonekana cheusi-cheusi ndani, sababu ya vile vijimfuko vya hewa. Wa pili ni Dolichospermum, vitabu vingi bado vinamwita Anabaena. Huyu ni shanga. Mnyororo umenyooka au umejiviringa, na katikati ya shanga za kawaida kuna moja moja iliyo wazi, kubwa kidogo, inayong'aa. Ukiiona hiyo shanga ya kioo umeshamkamata, hiyo ndiyo kazi yake ya kunasa naitrojeni ya hewani. Ndiyo maana anaweza kustawi hata kwenye bwawa ambalo hukuweka urea.

Ukibaki na wasiwasi kuna aidini ya Lugol, ile ile ya maabara. Weka tone pembeni ya kioo, ivute upande wa pili kwa karatasi. Mwani wa kijani una wanga kama muhogo, utageuka bluu-nyeusi. Sayanobakteria hawaweki wanga wa aina hiyo, watabaki kahawia. Lakini aidini inaua, kwa hiyo angalia walio hai kwanza na upige picha zao zote. Aidini hiyo pia ndiyo ya kuhifadhia: dondosha kwenye chupa mpaka maji yawe na rangi ya chai ya rangi isiyokolea, weka gizani, na sampuli inakaa mpaka utakapompata mtaalamu.

Kupiga picha kwa simu

Simu za siku hizi zina kamera mbili tatu nyuma. Tumia ile kuu, ya 1x, usitumie ya picha pana. Futa kioo chake, zima flashi. Sogeza kamera kwenye lenzi ya jicho taratibu, utaona kijiduara cha mwanga kinakua. Kikijaa, simama hapo hapo. Kawaida ni umbali wa sentimita moja au mbili.

Mkono unatetemeka, hilo halina ujanja. Kata kipande cha bomba la PVC kinachovaa kwenye lenzi ya jicho, kikipwaya zungushia karatasi ndani, kata urefu mpaka duara lijae vizuri simu ikiegemea juu yake. Bonyeza kioo cha simu kwa muda mpaka fokasi na mwanga vijifunge, punguza mwanga kidogo kwa kidole, weka taimu ya sekunde tatu, toa mkono. Kuvuta picha isizidi mara mbili. Zaidi ya hapo unakuza ukungu.

Piga picha tatu nne za kitu kimoja ukizungusha nobu ndogo kidogo kidogo, kwa sababu kundi la Microcystis lina unene na picha moja haimalizi. Kinachotembea, kichukue video ya sekunde kumi. Piga na eneo la kioo ambalo halina kitu: taa ya njano inageuza bluu kuwa kijani, na hiyo picha tupu ndiyo itakayoniambia taa yako ilikuwa ya rangi gani. Hadubini ya kioo cha chini inayotumia mwanga wa nje inatoa rangi nzuri sana, ila usielekeze kioo kwenye jua lenyewe. Utaumiza jicho.

Halafu kipimo. Picha isiyo na kipimo ni nusu ya ushahidi, kwa sababu vitu vya mviringo vya kijani viko vingi na kinachowatenganisha ni ukubwa. Soma namba iliyoandikwa kwenye lenzi ya jicho, kwa mfano 10x/18. Hiyo 18 igawanye kwa lenzi ya chini. Kwa lenzi ya 40 unapata milimita 0.45, yaani maikromita 450: huo ndio upana wa duara zima unaloliona kwa jicho. Kitu kilichochukua sehemu ya kumi ya duara kina maikromita 45. Kama namba haipo, weka rula ya plastiki inayopitisha mwanga chini ya lenzi ya 4 na uhesabu milimita. Ukishapiga, usibadilishe ukuzaji wa simu katikati ya kazi.

Kuzituma, WhatsApp inabana picha mpaka mistari yote ya diatomu inafutika. Tuma kama dokumenti, au chagua HD.

Ukishajua, unafanya nini

Ukikuta mchanganyiko wa Scenedesmus, Pediastrum na diatomu, endelea na kazi. Ingiza mkono majini mpaka kiwiko: kama kiganja kinapotea kabla hujafika kiwiko kwa mbali, yaani chini ya sentimita 20 au 25, simamisha samadi hata kama mwani ni mzuri. Mwani mzuri ukizidi nao unavuta hewa usiku. Mchana unatoa oksijeni, usiku unaitumia pamoja na samaki wako, na mauti huja kabla ya jua kuchomoza.

Ukikuta Microcystis au Dolichospermum ndio wengi, simamisha samadi na mbolea zote, punguza chakula, ingiza maji mapya kama unayo na toa ya juu yenye utando. Ng'ombe, mbuzi, mbwa na watoto wasisogee. Mnyama aliyekunywa akaanza kuyumba au kulegea, mwite daktari wa mifugo saa hiyo hiyo. Mwaka 2020 huko Botswana tembo zaidi ya 300 walikufa, na serikali yao ikatangaza chanzo kuwa sumu ya sayanobakteria kwenye maji. Tembo, si mbuzi. Na maji hayo usiyachemshe ukadhani yamepona: sumu ya Microcystis haiharibiki kwa kuchemsha.

Mrututu je? Hapa nasema wazi, kwenye bwawa lililojaa hawa usiweke. Utawapasua wote kwa mkupuo, sumu iliyokuwa ndani ya chembe itamwagika majini, na mizoga yao ikioza itamaliza oksijeni iliyobaki. Utakuwa umebadilisha tatizo la wiki mbili kuwa msiba wa usiku mmoja.

Jambo moja linawachanganya watu. Sato anakula Microcystis na anammeng'enya, tumbo lake lina tindikali kali sana. Watafiti walilionyesha hili kwa sato wa Ziwa George, Uganda, tangu miaka ya 1970. Kwa hiyo samaki anaweza kunenepa huku maji yana sumu. Sumu hujikusanya zaidi kwenye ini na matumbo, hivyo wakati wa utando usivue kwa ajili ya soko. Na ukivua baadaye, toa matumbo yote. Baadhi ya sayanobakteria pia hutoa harufu ya udongo inayoingia kwenye nyama. Mnunuzi wa hoteli akisema samaki wako ananuka tope, mara nyingi hasemi uongo. Wahamishie kwenye maji safi yanayopita siku kadhaa bila chakula, onja mmoja, ndipo uuze.

Na picha ina mpaka wake. Inakuambia ni Microcystis, haikuambii kama huyu wa kwako ana sumu, kwa maana wapo wenye nayo na wasio nayo na wanafanana. Hilo ni la maabara. Wa kanda ya Ziwa ongeeni na TAFIRI Mwanza, Kenya kuna KMFRI Kisumu, Uganda kuna NaFIRRI Jinja. Picha nzuri yenye kipimo inasaidia kuwaeleza haraka unachokiona. Mpaka majibu yaje, chukulia kuwa sumu ipo.

Ukinitumia picha, andika tarehe na saa ya kuchota, umechota wapi na kina gani, upepo, mara ya mwisho kuweka samadi na kiasi, chakula cha siku, lenzi uliyotumia. Ila ukitoka saa kumi na moja alfajiri ukakuta samaki wako juu wanahema midomo nje, achana na hadubini kwanza. Washa pampu au fungulia maji mapya, usiwalishe, na chupa ya sampuli uichote wakishashuka chini.